Uso wa Msiba Nao Ni Kazi

Kila mtu akitazama vipande vya zamani vya bendi za roki ya gothiki za Uingereza, zile za muziki wa giza, mavazi meusi na nyuso zilizopakwa poda, anauliza lile lile: hivi hawa walikuwa na huzuni kweli, au walikuwa wanajitia tu? Mimi swali hili limeshanichosha. Mwimbaji wa taarabu akilia na mpasho wake ukumbini, hakuna anayemfuata nyuma ya jukwaa kumuuliza kama kweli kaachwa usiku ule. Tunamtuza, basi. Kwa nini kijana wa Northampton aliyepaka poda nyeupe adaiwe cheti cha majonzi?

Northampton nimeitaja kwa sababu ndiko walikotoka Bauhaus, mojawapo ya bendi hizo. Mwaka 1979 walitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu kifo cha Bela Lugosi, yule mwigizaji wa Dracula. Wimbo wa aina hiyo haupenyi kirahisi kwenye Top of the Pops, kipindi cha televisheni cha nyimbo zinazovuma. Kipindi chenyewe kilikuwa cha BBC, kilianza 1964, na miaka ya themanini kilirushwa Alhamisi jioni: maputo, taa za rangi zote, vijana wanaosukumwa huku na huko kuipisha kamera, na mtangazaji ambaye tabasamu halimtoki. Mwaka 1982 Bauhaus wakaingia mle na wimbo wa David Bowie, “Ziggy Stardust”, ukafika nafasi ya 15 kwenye chati ya Uingereza. Peter Murphy, mwimbaji wao, mifupa ya mashavu imemtoka, mwembamba kama ufito, kasimama katikati ya sherehe ya watu wengine.

Wapenzi wa muziki huu wana kawaida ya kulalamika kwamba televisheni iliwashusha hadhi wasanii wao. Mimi naona iliwapandisha. Mwaka huo huo wa 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho, London, na ndani ya Batcave kila mtu alivaa nyeusi. Ukiingia na shati jeusi pale, nani atageuka? Lakini weka weusi ule chini ya maputo, sebuleni kwa watu wanaokula chakula cha jioni na watoto wao, ndipo utauona ulivyo. Baadaye televisheni yenyewe ikaelewa biashara iliyomo: Murphy akaonekana kwenye tangazo la kanda za Maxell, kakaa kwenye kiti, sauti inampiga kama upepo wa kusi. Mtu aliyeimba mauti sasa anauza kaseti, na anaiuza vizuri.

Tazama hiyo kazi ya kujipamba kwa karibu. Mwimbaji Siouxsie Sioux alionekana kwanza Desemba 1, 1976, nyuma ya bendi ya panki ya Sex Pistols kwenye kipindi cha televisheni cha Bill Grundy, siku ile ya matusi yaliyotikisa magazeti. Miaka miwili baadaye akaja na bendi yake, Siouxsie and the Banshees, na “Hong Kong Garden” ikafika nafasi ya 7. Anayejua wanja anajua kwamba mstari kama ule wa machoni mwake hauchorwi na mkono unaotetemeka. Kuna muda, kuna kioo, kuna kufuta na kuanza upya.

Bendi ya Fields of the Nephilim ndio wananifurahisha kuliko wote. Walitoka Stevenage, mji uliopangwa na serikali baada ya Vita vya Pili, maduka na mizunguko ya barabara. Wao wakavaa kofia pana na makoti marefu, kisha wakajimwagia unga wa ngano ili waonekane wametoka jangwani na vumbi lao. Unga wa ngano! Na chini ya taa na moshi, ukweli ni kwamba unakubali. The Sisters of Mercy wa Leeds walikuwa na moshi pia, na mwimbaji wao Andrew Eldritch hakuacha miwani yake ya giza. Mpiga ngoma wao alikuwa mashine, wakaipa jina la Doktor Avalanche. Eldritch mwenyewe hataki kabisa kuitwa gothiki. Na Dave Vanian, mwimbaji wa bendi ya The Damned, aliwahi kuwa mchimba makaburi. Kama kuna aliyeyajua mauti kwa koleo, ni yeye, na hata yeye hakupanda jukwaani bila kujipamba kwanza.

Sasa mtafute Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya Joy Division, kwenye kipindi cha Something Else cha BBC2, Septemba 1979. Hana wanja, hana poda. Kavaa shati la kawaida, nywele fupi, unaweza kudhani ni karani, na kweli aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya ajira huko Macclesfield. Mikono inamrukaruka akicheza. Alikuwa na kifafa. Mei 1980 alijiua, ana miaka 23. Waliojipaka sura ya maiti, wengi wao wamezeeka na wajukuu wa mashabiki wao. Ndiyo maana siwaelewi wanaotaka kupima maumivu ya mtu kwa rangi ya mdomo wake. Kamera haikuwa na uwezo huo hata siku moja.

Kilichoonyesha mitambo ya kazi hii waziwazi ni ajali. Agosti 1988, bendi ya All About Eve walialikwa Top of the Pops na “Martha's Harbour”. Bendi nyingi pale zilifanya pleibeki: kanda inapigwa, msanii anachezesha mdomo. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, na watazamaji nyumbani wakausikia wimbo, lakini studioni sauti haikuwafikia wanamuziki. Mwimbaji wao, Julianne Regan, akakaa kwenye kiti chake, kimya, anasubiri, huku sauti yake mwenyewe inaimba nchi nzima. Ubeti ukapita. Sitashangaa kama wapo waliodhani ndio mtindo wenyewe, huzuni ya kiwango cha juu. Wiki iliyofuata waliitwa tena, wakapiga laivu.

Robert Smith, mwimbaji wa bendi ya The Cure, alipofika kwenye kipindi hicho 1980 na “A Forest” alikuwa bado kijana wa kawaida. Nywele za kiota na lipstiki iliyopitiliza mdomo vilikuja baadaye. Kufikia “Lullaby” mwaka 1989, kwenye video yupo kitandani na pijama, analiwa na buibui. Mwaka 2023, bado na lipstiki ile ile, aliikalia kooni Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, juu ya makato ya tiketi za Marekani mpaka mashabiki wakarudishiwa dola 5 wengine, dola 10 wengine. Mwaka uliofuata, ana miaka 65, albamu ya The Cure ikashika namba moja Uingereza.