Hospitali tunazo, ila muuguzaji analala wapi?

Nyumbani kwangu Njoro, hapa Moshi, kuna godoro la inchi nne limesimamishwa nyuma ya mlango wa stoo, ni la wageni ila sio wageni wa harusi wala wa Krismasi, ni wageni wa hospitali. Ukiishi Moshi mjini halafu ukoo wako uko Upareni au Rombo au Simanjiro utanielewa bila maelezo mengi. Simu inaingia jioni, mtu anakusalimia kwa kirefu, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, huko mvua zimeanza? halafu ananyamaza kidogo, anasema "sasa mwanangu, tumepewa rufaa". Basi hapo huulizi tena kitu, unaenda kulitoa godoro juani.

Kwanza niseme, mimi sio wa kulalamika kwamba Moshi hakuna hospitali. Kwa mji wetu ulivyo mdogo, unaweza ukatembea kwa miguu toka stendi mpaka karibu kila ofisi, tumependelewa aisee. Katikati ya mji kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Soweto kuna St. Joseph ya Wakatoliki. Kuna kituo cha afya Majengo, kuna Pasua. Halafu ukipanda kule juu unaikuta KCMC, iliyofunguliwa 1971, mali ya Shirika la Msamaria Mwema chini ya Walutheri lakini watumishi wengi wanalipwa mshahara na serikali, ndio rufaa ya kanda nzima ya kaskazini. Wagonjwa wanatoka Arusha, Manyara, Tanga, wote wanaelekea hapo. Na kuna vitu pale hata sisi wenyeji hatuvijui, kuna chuo cha kutengeneza miguu ya bandia, TATCOT, kipo toka 1981 na kinasomesha watu wa nchi nyingi za Afrika, kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako wanatengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ukienda Siha kuna Kibong'oto, imeanza kutibu kifua kikuu 1926, babu zetu walikuwa wakisikia tu jina hilo wanajua mtu kapelekwa kwa kikohozi kisichoisha.

Kwahiyo madaktari wapo, na majengo yapo. Kila kiongozi akija anazindua kitu, mashine hii, wodi ile, anakata utepe, picha zinapigwa. Sina ugomvi na mashine. Ila kuna mtu mmoja hayupo kwenye picha yoyote na bila yeye mashine zote zile hazimtibu mtu, naye ni muuguzaji.

Simaanishi muuguzi, nesi. Namaanisha muuguzaji, yule ndugu aliyekuja na mgonjwa. Kiswahili chetu kimewaweka hawa wawili kwenye neno moja, kuuguza, tofauti ni mmoja ana sare na zamu na mshahara na mwenzake ana kanga mbili na chupa ya chai. Sisi tukiongelea huduma za afya tunamhesabu yule wa kwanza tu.

Mwaka juzi mama yangu mdogo alidondoka huko milimani Same, alikuwa anatoka shamba la tangawizi, kule wanalima kwenye miteremko mpaka unajiuliza jembe linashikaje, akateleza na mzigo kichwani, paja likavunjika. Akashushwa kwa gari la jirani, baadae rufaa mpaka hospitali moja hapa mjini, sitaitaja maana nia yangu sio kumchafua mtu na kusema ukweli wangekuwa wengine ingekuwa hivyo hivyo. Matibabu yalikuwa mazuri. Alivutwa mguu kwanza, baadae akawekewa chuma, leo anatembea. Siku 19 kitandani.

Sasa zile siku 19 mimi na binti yake tulikuwa waajiriwa wa ile hospitali bila mkataba. Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili unasonga uji, unaweka kwenye chupa, unawahi kifodi, daladala zetu za huku, unafika getini mlinzi anakwambia muda bado, unasimama. Ukiingia unamwogesha mgonjwa, unabadilisha shuka, na hizo shuka unaondoka nazo kufua wewe. Daktari akipita anaandika kipimo, karatasi unapewa wewe, unaenda dirisha la malipo, unapewa namba ya malipo, mtandao uko chini, unakaa, unalipa, unarudi na risiti maabara, unaambiwa majibu saa nane. Dawa moja haipo unatoka nje ya geti kutafuta duka, unarudi mlinzi amebadilika hakujui unaanza kujieleza upya. Wakati huo mchana umefika na mtori uko nyumbani haujapikwa. Wakasema damu inatakiwa, ndugu wachangie, binamu zangu wawili wakapanda gari toka Same kuja kutoa chupa moja moja wakarudi siku hiyohiyo.

Mimi nina tabia ya kuandika matumizi kwenye daftari la shule. Bili ya hospitali ilikuwa na mistari yake, kitanda, upasuaji, vyuma, dawa, sawa. Daftari langu lilikuwa na mistari mingine kabisa, mkaa, ndizi, maziwa, pampasi za watu wazima, sabuni ya kufulia, bando la kuwapigia huko kwao maana kila shangazi anataka kuambiwa kwa mdomo wako. Nauli tu, 600 mara nne kwa siku kwa mtu mmoja, kwa siku 19 ni 45,600, hapo bodaboda za usiku sijaziweka. Halafu kumbuka kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, kaya ya watu sita ilikuwa inalipia 30,000 kwa mwaka mzima. Yaani kupanda na kushuka kifodi kumuona mgonjwa mmoja kulinila kuliko bima ya mwaka ya familia ya watu sita. Bima yoyote ile hata uwe nayo kubwa kiasi gani haijui kama mtori unapikwa kwa mkaa.

Na hapo mimi nina nyumba. Nina jiko, nina bomba, nina godoro.

Kitanda cha jirani na mama mdogo kulikuwa na kijana wa Kimasai toka huko ndani Simanjiro, alipata ajali ya pikipiki, na mama yake alikuwa naye. Yeyo yule, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, mjini hana anayemjua hata mmoja. Siku ya tatu ndo niligundua analala nje, kwenye baraza karibu na sehemu ya kusubiria, amejikunja na shuka lake, mwezi wa saba, na baridi ya Moshi mwezi wa saba mnaijua wenyewe, mlima umejifunika wiki nzima jua hulioni. Alikuwa anakula alichobakiza mwanae. Kuoga aliniambia anasubiri mpaka usiku watu wapungue kwenye choo cha nje. Yule mama alikuwa anaumwa kifua kabisa, anakohoa, yaani kaja kuuguza na yeye anaelekea kuwa mgonjwa wa pili. Nikamwambia yeyo twende nyumbani, alikataa siku mbili, anaogopa akiondoka mwanae atakosa mtu wa kukimbilia karatasi, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuogopa. Tulipatana tukawa tunapokezana, usiku mmoja binti yetu anakaa yeye anakuja kulala, usiku unaofuata wanabadilishana.

Nikaanza kuangalia sasa kwa macho mengine. Kumbe pale nje walikuwa wengi. Mama wa Kipare na bukta za mtoto zimeanikwa kwenye michongoma, mzee mmoja amelalia boksi, mwingine anachajisha simu kwenye kibanda cha wakala kwa kulipia. Ukipita mchana unadhani ni watu wanasubiri muda wa kuona wagonjwa. Wale ndo walikuwa wanaishi pale.

Najua nitajibiwa nini. Hospitali sio gesti. Ndugu wakijaa wodini wanaleta maambukizi, wanabanana, wanakalia vitanda, nesi anashindwa hata kupita na toroli la dawa. Hapo nakubali kabisa, mimi mwenyewe nimeona mgonjwa mmoja kazungukwa na jumuiya nzima wanaimba na yule wa pembeni ametoka kupasuliwa asubuhi. Kuwatoa wodini ni sawa, swali langu ni mnawatoa wanaenda wapi? Kazi zao mnazitaka. Hamna nesi wa kumlisha mgonjwa mmoja mmoja, hamna mtu wa kwenda dirishani kwa niaba ya aliyelala kitandani, mnamtegemea huyu ndugu kwa kila kitu halafu ikifika saa mbili usiku anageuka kuwa msumbufu.

Wengine watasema huo ndo utu wetu Waafrika, ndugu anauguzwa na ndugu. Ndio. Lakini mimi nikiona utu wenyewe unabebwa na wanawake tu, shangazi, mke, binti aliyeachishwa shule wiki tatu, na wanaume wanafika Jumapili na chungwa moja kwenye mfuko wa rambo, naanza kuutilia mashaka kidogo. (Baba watoto ukisoma hapa sio wewe, wewe ulileta mkaa.)

Tena serikali ikitaka inaweza kuelewa kwamba matibabu yanaanza kabla ya dirisha la daktari. Angalia m-mama. Mjamzito akipata dharura mnapiga 115 bure, inatafutwa ambulensi, kama hakuna karibu anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa na analipwa. Mtu alikaa akafikiri kwamba huyu mama hafi kwa kukosa daktari, anafia njiani, na wakaifanya njia kuwa sehemu ya tiba. Vivyo hivyo vituo vya afya vingi tokea 2017 hivi vimejengewa vyumba vya upasuaji, siku hizi mama anapasuliwa karibu na kwao, bibi analeta uji kwa miguu na kurudi kulala kwake. Huyo amenipunguzia mimi mgeni mmoja, na nashukuru. Ila paja lililovunjika halitengenezwi kwenye kituo cha afya, na saratani vilevile, kwa miaka mingi huku kwetu aliyehitaji mionzi alipanda basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar, na aliyemsindikiza akatafute pa kulala Dar!

Na wazee wa misheni walilijua hili zamani. Hospitali nyingi za kanisa huko vijijini utakuta pembeni kuna banda la ndugu, mafiga, kuni unanunua, bomba moja, kamba za kuanikia nguo, na nyumba ya wajawazito wanaosubiria siku zao. Sio pazuri kihivyo, moshi unakutoa machozi, lakini mtu ana pa kuweka sufuria. Sasa sisi wa mjini tukiwa tunajenga za kisasa hilo banda tukaliona la kishamba tukaweka maegesho ya magari. Yaani gari la mgeni lina pa kulala, mgeni mwenyewe hana.

Mimi sitaki ghorofa. Banda la bati lenye kuta, vyumba viwili, cha kina mama na cha kina baba, bafu, karo za kufulia, sehemu ya kupikia ya gesi au hata mkaa, soketi za kuchajia simu, na kila muuguzaji wa mgonjwa aliyetoka nje ya wilaya apewe kadi asisumbuane na mlinzi. Walipishe hata elfu moja kwa usiku, watu watalipa, si wanalipa gesti za stendi elfu kumi na kunguni juu? Na mtu wa mapokezi, mmoja tu, anayekaa kumwelekeza asiyejua dirisha lipi linaanza. Halmashauri wakikaa kupanga bajeti diwani mmoja tu aulize, hawa walioko nje usiku wangapi, atume mtu saa tano akawahesabu, hesabu yenyewe ni ya dakika kumi.

Yeyo alirudi kwao na mwanae akiwa na magongo na hotpoti yangu ya bluu, sijaidai. Mama mdogo anaendelea vizuri, kliniki yake ni mwezi ujao, amepiga jana kusalimia, kwa kirefu kama kawaida. Anakuja na mjomba, na mke wa mjomba naye anataka macho yake yaangaliwe maadam safari ni moja. Godoro ni moja, wao watatu, kwahiyo mwenye godoro la kuuza maeneo ya Njoro au Majengo aniambie, hata likiwa limetumika.