Foleni Mbili za Kanada

Mzee ninayemhudumia hapa Ontario hajaingia bafuni kwake tangu mwaka juzi. Kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni. Namwosha kitandani kwa beseni na kitambaa, kama mama alivyokuwa akimwosha bibi kule Tanga, na siku njema tunapiga soga hadi maji yanapoa. Maombi ya kupanua mlango yapo kwenye foleni. Nikipiga simu kuuliza, naambiwa faili lipo.

Nchi hii ina foleni nyingine, na hiyo inasonga.

Tangu Juni 2016, sheria ya Kanada inaruhusu mgonjwa asaidiwe kufa akiomba mwenyewe. Mwanzoni palikuwa na uzio: lazima kifo chake kiwe tayari kinatarajiwa. Machi 2021 uzio ukang'olewa. Sasa hata mtu ambaye angeweza kuishi miaka mingi bado anaweza kuomba, mradi ana ugonjwa au ulemavu mzito usiotibika na mateso anayoona hayavumiliki. Kwa mtu wa namna hiyo, tathmini isipungue siku 90. Waliotunga sheria wanaziita siku hizo kinga. Mimi nikizihesabu najiuliza mlango wa bafu umeshameza siku 90 ngapi.

Niseme wazi, sina ugomvi na mgonjwa wa saratani anayetaka maumivu yaishe. Ugomvi wangu ni ulemavu kuingizwa kwenye sheria kama sababu ya kufa. Kijana mzima wa viungo akisema amechoka kuishi, watu humkimbilia, wakamficha visu, wakalala naye chumba kimoja. Mwenye ulemavu akisema maneno hayohayo, anaweza kufunguliwa fomu. Huruma gani hii inayobagua?

Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hii, na kati yao 622 kifo chao hakikuwa kinatarajiwa. Wachache, nitaambiwa. Ni wachache kweli. Lakini kuhusu huduma, sheria inadai tu kwamba mwombaji aelezwe zilizopo, pamoja na misaada ya watu wenye ulemavu, na apewe nafasi ya kushauriana na wanaozitoa. Haidai kwamba azipate. Anayejua tofauti ya kuelezwa na kupewa ni yule anayengoja.

Wanaoitetea sheria hunikumbusha kwamba walioubomoa ule uzio walikuwa watu wenye ulemavu wenyewe. Ni kweli, na hoja hii siipuuzi. Jean Truchon wa Quebec alizaliwa na mtindio wa ubongo, akapoteza na nguvu za mkono wake wa pekee uliokuwa ukifanya kazi, akaishia kwenye makao ya kulelewa. Alikwenda mahakamani pamoja na Nicole Gladu, aliyeugua polio utotoni, na mwaka 2019 wakashinda. Serikali ya Kanada na ya Quebec hazikukata rufaa. Namheshimu Truchon, alijua anachokitaka. Ila nikifika kwenye yale makao huwa nakwama. Angepewa nyumba yake na watu wa kumsaidia humo, angeomba kilekile? Labda angeomba. Mahakama haikuwa na namna ya kumpa nyumba.

Christine Gauthier, mwanajeshi mstaafu aliyeiwakilisha Kanada kwenye Paralimpiki, aliiambia kamati ya Bunge Desemba 2022 kwamba alipigania kwa miaka kifaa cha kumpandisha ngazi nyumbani, halafu mtumishi wa wizara ya wastaafu wa jeshi akamtajia habari ya kusaidiwa kufa. Wizara ilisema haikuona kumbukumbu ya jambo hilo kwenye faili lake. Lakini tayari ilikuwa imekiri kwamba wastaafu wasiopungua wanne walitajiwa hivyo bila wao kuuliza.

Uingereza nao, wabunge walipopitisha muswada wao Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, waliapa kwamba ni kwa wanaotarajiwa kufa ndani ya miezi sita tu, ulemavu haumo. Tanni Grey-Thompson, bingwa wa Paralimpiki aliye katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge lao, aliupinga. Simlaumu. Kanada nayo ilianza na uzio, ukadumu chini ya miaka mitano.

Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliitaka Kanada iifute njia hii ya wasiokaribia kufa. Mashirika ya watu wenye ulemavu nayo yalikwishafungua kesi Ontario Septemba 2024. Wakati huohuo imewekwa tarehe, Machi 2027, ya kuwafungulia mlango hata wenye ugonjwa wa akili pekee. Tarehe hiyo imeshasogezwa zaidi ya mara moja, na ni ucheleweshaji wa serikali ambao kwa mara moja naushangilia.

Jumatatu hatimaye alikuja fundi. Akapima mlango wa bafu, akaandika, akafunga daftari. Mzee akamuuliza anaanza lini. Akajibu kwamba yeye kazi yake ni kupima tu.