Paka wa daraja la platinamu

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, siku moja kafungua imeili yake kakuta ameteuliwa. Kateuliwa na nani? Na kamati. Kamati gani? Kamati ya uteuzi. Basi, maelezo yakaishia hapo, anatakiwa tu athibitishe wasifu wake chapchap aingie kwenye kitabu cha watu mashuhuri duniani maana nafasi zinajaa na kitabu kinakaribia kwenda mitamboni. Sasa mashuhuri gani huyo anaandikiwa "Mpendwa Mtaalamu" bila hata jina? Nilipouliza hivyo akanijibu wakubwa hawana muda wa kuandika majina. Na ukoo mzima ulishajua, shangazi alishaanza kumwita mheshimiwa.

Nikamwambia baba, vitabu vya namna hiyo vipo kweli, sibishi. Waingereza wana chao kinaitwa Who's Who, kipo tangu 1849, wasifu wenyewe wa watu wakaanza kuuweka 1897, na ukichaguliwa hulipi kitu wala hakuna anayekulazimisha kukinunua, wanakuletea fomu unajaza mwenyewe mpaka unachopenda kufanya ukiwa umepumzika, ukifa wanakuhamishia kwenye kile cha waliokuwepo. Wamarekani nao wakatoa cha kwao 1899. Tatizo jina hilo limeshakuwa la kila mtu, mjanja yeyote analichukua, anaongezea "kimataifa" au "watendaji wakuu", anakamata simu. Kwa hiyo hawa tuwaulize nani kakupendekeza, kitabu kipo maktaba gani, na hela inatoka mfukoni kwa nani kwenda kwa nani. Baba akasema haya tupige, ila uongee kwa adabu.

Tukaweka spika. Akapokea dada mmoja sauti laini hiyo, akampongeza wee, kisha akamuuliza, "Mwalimu, siri ya mafanikio yako ni nini?" Loh! Dada wa watu hakujua anafungulia bomba. Mzee kaanzia siku aliyoshika chaki mara ya kwanza, kaja kwa watoro wake mmoja mmoja kwa majina, kaingia kwenye ugomvi wake na mkaguzi aliyemwambia mwandiko wake wa ubaoni unapanda mlima, dada anaitikia mhm, mhm, unasikia kabisa anatafuta pa kupenyea hapaoni. Mzee alipokohoa kidogo tu, dada huyo hapo: kuna daraja la dhahabu, kuna la platinamu, uanachama wa maisha, na ngao ya mbao ya kutundika ukutani yenye jina lako, sijui mwalimu unatumia kadi gani?

"Subiri binti, sijafika mwaka niliopandishwa cheo."

Mimi nikadandia hapo hapo nikauliza kitabu kinapatikana maktaba gani. Akasema kinapatikana kwa wanachama. Yani wanaokisoma ni walewale waliomo ndani! Kuhusu nani kampendekeza mzee, akasema hiyo ni siri ya kamati. Mzee alipokuja kuelewa kadi inatakiwa ya nini akasema kwa upole kabisa, "Sasa binti, si mimi ndo mashuhuri? Basi nyie ndo mnilipe." Simu ikakatika, na nadhani haikuwa mtandao.

Ungedhani yameisha. Kumbe mzee kanuna, anadai maswali yangu ya maktaba ndo yamewaudhi, kamati ilikuwa serious. Nikaona nimwonyeshe hiyo kamati inavyochuja watu. Si ajabu wala, Marekani 2004 wanasheria wa serikali ya jimbo la Pennsylvania walimtumia paka anaitwa Colby Nolan kunasa chuo cha mchongo, paka akatunukiwa shahada ya uzamili ya biashara, na kesi ikafunguliwa. Sisi tunaye Shume. Nikajaza fomu: jina, Bwana Shume. Kazi, mshauri mwandamizi wa udhibiti wa panya. Elimu, amefundishwa na mama yake. Vitu anavyopenda, kulala. Kila nilichoandika ni kweli tupu, ukitoa hapo kwenye panya nilipomtilia chumvi. Namba ya simu, kwa bahati mbaya, nikaweka ya nyumbani.

Wakapiga mimi sipo, mzee akapokea. Namnukuu mwenyewe alivyonisimulia, na alikuwa hacheki.

"Bwana Shume yupo?"

"Yupo, amelala."

"Oh, tunampongeza sana, wasifu wake umeivutia mno kamati, tungependa kumfanyia mahojiano mafupi."

"Haongei."

"Tunaelewa, watu wa ngazi yake wana majukumu mengi. Mwambie tumemtengea nafasi ya platinamu."

Hapo mzee akauliza mwalimu fulani aliyepiga juzi yeye alitengewa ipi. Dada akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta weee, akasema samahani mzee, jina hilo hatunalo.

Narudi jioni namkuta kakaa sebuleni, sijamaliza hata shikamoo.

"Maisha yangu yote nimefundisha watoto wa watu," akaniambia, "platinamu wanampa huyu? Na panya tunao!"