Begi lilishuka Kyoto, mimi nikaendelea

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile video ya sekunde 19, ile ninayoonekana nimefungiwa ndani ya treni kule Kyoto, Japani, naomba na mimi nisikilizwe. Najua hapa Mwanza imeshafika Kirumba, imefika Nyakato, na jana fundi viatu wangu kaniona kwa mbali akaanza kucheka kabla sijamsalimia: "Kaka, kile cha kulia ulikipata?"

Aliyeirusha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu niliyemnunulia chai asubuhi ile ile. Chini ya video kaandika, "Shem kasahau begi Japani." Huo ni uongo. Begi sikulisahau. Begi lilishuka salama, kwenye stesheni yake, kwa wakati wake. Aliyebaki ndani ya treni ni mimi.

Na sikulia. Yale ni macho ya mtu aliyetoka usingizini.

Tuanze na begi. Nililinunua Makoroboi kwa machinga aliyeniapia kwamba magurudumu yake manne yanazunguka pande zote, na kwa hilo hakudanganya. Nyumbani nikalipima kwa futikamba ya cherehani ya mke wangu: urefu sentimita 78, upana 52, unene 34. Jumla 164. Shikeni hiyo namba, maana treni za mwendokasi za njia ya Tokyo kwenda Osaka hawakadirii mzigo kwa macho kama kule stendi ya mabasi Nyegezi, "weka elfu tano bosi tuondoke." Tangu Mei 2020 unajumlisha pande zote tatu. Likiishia 160, unalipandisha kwenye keria juu ya kichwa chako, yameisha. Likizidi 160 mpaka 250, unatakiwa uwe umeweka siti ya safu ya mwisho ya behewa, ile ambayo nyuma yake kuna nafasi ya mizigo mikubwa. Hulipi nyongeza yoyote, ila lazima uichague mapema wakati unakata tiketi. Ukijifanya hujui ukaingia nalo kimyakimya, ni yeni 1,000, na kondakta ndiye atakayeamua likae wapi. Likizidi 250 hilo siyo begi tena, ni kabati, liache nyumbani.

Mimi nilizidi kwa sentimita 4. Unene wa kipande cha sabuni ya mche.

Basi tukafuata sheria kama watoto wa Sunday school. Tukaweka siti D na E, safu ya mwisho, behewa namba 14, Tokyo mpaka Kyoto, yeni 14,000 na ushee kila mtu. Shemeji akadai E, ya dirishani upande wa kulia, kwa sababu kutoka Tokyo mlima Fuji unaonekana upande huo, dakika kama 45 baada ya kuondoka. Nikamwachia. Ni shemeji, utafanyaje.

Usiku wa kuamkia safari, yule dada wa mapokezi hotelini alitushauri tusihangaike: mabegi yanaweza kuchukuliwa pale pale na kupelekwa hoteli ya Kyoto, yanafika kesho yake, yeni elfu mbili na kitu au tatu kwa begi la ukubwa ule. Sisi tungepanda treni mikono mitupu. Shemeji akasema tukubali. Mimi nikakataa kwa sauti ya mtu mwenye familia: "Nilipe mtu anibebee begi, mimi mikono yangu imefanya nini?" Na hapa mnipige tu, kwa sababu mimi huyu huyu kila mwezi napeleka mzigo Nyegezi, nampa dereva wa basi, naandika namba ya simu kwa maka peni, narudi zangu kulala. Ni kitu kile kile. Sijui kwa nini Tokyo nilikiona ni ufisadi.

Asubuhi tukapanda jukwaani kwenye ngazi iliyo karibu na behewa namba 4. Nyie mnaosubiri reli ya Isaka hapa Mwanza, jifunzeni kwetu: ile treni ina mabehewa 16, kila moja mita 25. Yaani mita 400, viwanja vinne vya mpira vimeungwa. Sakafuni na juu kumeandikwa behewa lako litasimama wapi na mlango utafungukia wapi, na kweli unafungukia hapo hapo. Kama uko kwenye namba 4 na siti yako iko 14, anza kutembea. Tulitembea mita 250, begi likizunguka pande zote kama alivyoapa machinga, likiwemo kuelekea kwenye miguu ya watu. Mimi nimevaa viatu vipya.

Hivyo viatu navyo vimo kwenye kesi hii. Vya Makoroboi pia. Namba 42, mguu wangu ni 43, lakini vilikuwa vimebaki hivyo tu.

Treni ikija Tokyo haikupakii hapo hapo. Wanaingia wasafishaji, wana dakika kama 10 tu, wanafagia, wanafuta meza, halafu siti zote zinageuzwa ziangalie kule treni inakokwenda. Kwa hiyo safu ya mwisho siyo namba ile ile siku zote. Ukienda Osaka ni upande huu wa behewa, ukirudi Tokyo ni upande wa pili. Sisi ya kwetu ilikuwa mita mbili kutoka mlango wa nyuma. Kumbukeni: mita mbili. Mtoto wa chekechea angeshuka.

Nikalilaza begi kwa ubavu, maana lenye magurudumu manne ukilisimamisha linaanza matembezi treni ikikata kona. Nikalisukumia kabisa kwenye pembe ya dirisha, nikajipongeza. Hapo ndipo kosa la kwanza. Kinachoingia kwanza kinatoka mwisho, hata kwenye mtumbwi wa dagaa wanajua hilo. Tulipofika Shin-Yokohama akaingia mtalii mwingine na begi la rangi ya fedha, kubwa kama friji ndogo, akaliweka mbele ya langu, akaenda kukaa safu za katikati huko. Nikalitazama. Nikasema tutaonana mbele ya safari.

Mlima ukaja. Shemeji alikuwa amepiga video za kuta na mahandaki tangu tuondoke, kwa hiyo Fuji ilivyojitokeza tu, nyeupe, kama mtu kamwaga unga, simu ikamwambia imejaa. Akafuta picha za harusi yangu, zote, ili apate nafasi. Hiyo nafasi ndiyo iliyokuja kuniaibisha, hivyo msiseme Mungu hapangi mambo.

Mimi nilikuwa nasubiri chakula. Mtu wa reli ya kati anajua, treni ikisimama Saranda unatoa kichwa dirishani, kuku anakuja mwenyewe. Hapa dirisha halifunguki, na mkokoteni wa vitafunio waliuondoa mabehewa ya kawaida ya njia hii mwisho wa Oktoba 2023. Unanunua boksi lako la wali stesheni kabla ya kupanda. Hatukununua. Baada ya Nagoya, njaa na vidole vilivyovimba vikakubaliana: nikavua viatu, nikalala. Nagoya mpaka Kyoto ni kama dakika 35 bila kusimama, treni inagonga mpaka 285 kwa saa, ya kwetu ya Dodoma inaishia 160. Lakini ndani hutikisiki. Unalala kama uko kwa shangazi yako Ukerewe.

"Shem! Kyoto!"

Sasa hapa twende polepole, kwa sababu video inaanzia mwishoni.

Ule muziki mdogo wa kutangaza stesheni ulishapigwa muda, mimi niko usingizini. Watu wenye akili na mizigo yao huwa wanasimama karibu na mlango muziki ukilia tu, maana Kyoto treni inasimama kati ya dakika moja na mbili, na ikiisha imeisha. Haina "subiri mama anashuka na mtoto."

Nikaingiza mguu kwenye kiatu cha kushoto. Kimeingia. Cha kulia hakipo. Ama nilikisukuma mwenyewe usingizini, ama treni ilivyoanza kushika breki kiliteleza mbele na soli yake mpya. Nikasema nitakitafuta, begi kwanza.

Begi la fedha limeziba. Nikalivuta, likakwama kwenye mguu wa siti. Shemeji kalinyanyua upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaliweka njiani, nikalilalia kwa tumbo kama mtu anayeingia kisimani, nikashika mpini wa langu. Treni imesimama. Mlango umefunguka. Nimeliburuta mita mbili, kiatu kimoja, soksi moja. Shemeji katangulia na kibegi chake mgongoni. Nikalisukuma begi likapita kwenye ule upenyo kati ya treni na jukwaa, dogo, gurudumu halizami. Likasimama jukwaani kwa heshima zote.

Mngeniuliza hapo, ningekuwa nimeshashinda.

"Shika hilo," nikamwambia. "Naja." Nikarudi kufuata kiatu.

Wewe unayesema ungekiacha, ungekiacha kweli? Nguo zote ziko kwenye begi lakini kiatu kingine sikuwa nacho, na mimi ni mkwe wa watu.

Nikapiga magoti njiani. Safu ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, nakiona kisigino, kiko kati ya miguu ya bibi mmoja mfupi, amelala, mikono juu ya mkoba. Hebu fikiria. Mwanaume mzima, magotini, anaingiza mkono polepole kuelekea miguuni kwa bibi wa watu. Nimekigusa. Bibi kafungua macho. Hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, akaangalia kiatu, akaangalia soksi yangu, ile yenye tundu la kidole gumba, kisha akainua miguu yote miwili juu, taratibu, ili nipite vizuri. Na mimi kwa adabu za nyumbani nikasema, "Shikamoo." Nikainamisha kichwa. Naye kainamisha. Nikainamisha tena.

Hizo kuinama mbili ndizo zilizonimaliza.

Nikasikia mlio jukwaani. Nikakimbia na kiatu mkononi. Mlango ulikuwa bado wazi kama nusu, namwona shemeji, naliona begi, naliona hata lebo ya uwanja wa ndege kwenye mpini. Mlango ule haufungwi kwa kishindo, unakuja kwa upole, kama mtu anayekuomba radhi. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Kikawa kimefungwa. Shemeji badala ya kupunga mkono kumwita mtu, ameinua simu. Sekunde ya 3 nasema kitu, hakisikiki, ni "weee." Sekunde ya 7 nainua kiatu kumwonyesha, eti aelewe. Sekunde ya 11 treni inaondoka, haina hata mshtuko, ni yeye na begi ndio wanaonekana kuondoka. Na sekunde ya 15 begi langu, magurudumu manne, pande zote, linajigeuza lenyewe taratibu na kunipa mgongo. Hapo ndipo anapoanza kucheka, mnamsikia.

Yaliyobaki hayana maana. Kifaa cha intaneti tulichokodi kilikuwa kwenye kibegi chake. Ya treni ilitaka nijisajili na mikono ilikuwa inatetemeka. Kondakta akaja, nikamwonyesha tiketi, nikasema "Kyoto" nikionyesha nyuma, akaangalia kiatu, akaelewa yote. Kaniandikia kikaratasi, kanielekeza nishuke Shin-Osaka, dakika 15 mbele, nisiingize tiketi kwenye mashine ya getini bali nimwone mhudumu. Sikulipishwa. Nikapanda ya kurudi, behewa namba 1 la wasio na siti, nimesimama. Hata saa moja haikuisha. Shemeji nikamkuta amekalia begi, anakula wali wa kuviringisha, hajaninunulia. Na video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la familia.

Siku ya tatu baada ya kurudi, simu ikaita, namba siijui. Konda wa daladala ya Magu: "Mzee, kuna mzigo wako hapa, njoo." Nimeenda. Mfuko wa rambo umefungwa vizuri, jina langu kwa maka peni, umetoka kwa mama mkwe. Ndani jozi sita za soksi.