Ufunguo wa Choo Anakaa Nao Nani?

Afisa afya akija kukagua mgahawa au duka kubwa hapa Dodoma, huuliza choo kiko wapi. Sijawahi kumsikia akiuliza ufunguo anakaa nao nani. Kampeni ya Nyumba ni Choo imetuhimiza tujenge, na kweli watu wamejenga. Ila kwa mtu kama mimi, choo chenye kufuli hakina tofauti na choo ambacho hakijachimbwa.

Nina kolaitisi, yaani uvimbe na vidonda vya kudumu kwenye utumbo mpana. Siyo tumbo la kula chipsi mbovu ukaamka kesho umepona. Kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe, na sehemu ya mwisho ikishavimba haiwezi tena kutanuka na kuhifadhi kama ilivyoumbwa. Kwa hiyo haja haibishi hodi. Unapata dakika moja, mbili ukiwa na bahati. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Yote mawili yana dawa za kutuliza, hayana kidonge cha kumaliza. Ukitulia unaishi kama watu wengine. Ukichachamaa, kila mtaa unaupima kwa choo chake.

Siku moja nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, haya mapya yenye marumaru hadi mlangoni. Tumbo likanikamata nikiwa mbele ya masinki ya choo, meupe, yamepangwa kwa mstari, bado yana stika za bei. Nikamwendea binti wa kaunta.

"Mdogo wangu, samahani, naomba kutumia choo."

"Choo ni cha wafanyakazi, dada."

Nikamwambia mimi ni mgonjwa, siwezi kusubiri. Akanitazama juu hadi chini, hakuona bandeji wala fimbo. Akanielekeza msikitini, mtaa wa pili. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma yake, umefungwa kijiti kisipotee. Khanga ninayobeba kwenye mkoba siku zote ilifanya kazi yake, na mengine niachieni mwenyewe.

Simlaumu sana yule binti, ameajiriwa na ameambiwa asimruhusu mtu. Kinachonishangaza ni kwamba vijijini kwetu, ukipita Chamwino au Kongwa ukaomba kujisaidia kwenye nyumba usiyoijua, hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Unaonyeshwa njia, unapewa na kopo la maji. Hii tabia ya kumnyima mtu choo tumeipata pamoja na marumaru.

Marekani kisa cha aina hii kilimpata binti wa miaka 14, Ally Bain, mwenye ugonjwa wa Crohn. Dukani walimkatalia choo cha wafanyakazi, akajichafua. Mama yake hakukubali yaishe kwa pole. Walimfuata mwakilishi wao kwenye bunge la jimbo, na mwaka 2005 Illinois ikapitisha sheria: duka lenye choo cha wafanyakazi limruhusu mteja mwenye maradhi ya utumbo, au anayetumia mfuko wa kinyesi tumboni, mradi hakuna choo cha umma karibu na kumruhusu hakuleti hatari. Faini yake haizidi dola 100, ndogo tu, lakini mfanyakazi wa kaunta anajua kuna sheria. Majimbo mengine zaidi ya kumi yamefuata.

Hapo nawaunga mkono. Ninapoachana nao ni kwenye karatasi, kwa sababu baadhi ya majimbo hayo yanamruhusu mwenye duka kudai uthibitisho wa daktari. Tukiiga hilo hapa tutakuwa tumewafungia nje wengi. Kuthibitisha kolaitisi kunahitaji kuingiza kamera kwenye utumbo mpana na kukata kinyama kikapimwe, na hicho si kipimo cha zahanati. Kabla ya kufika huko mtu ameshameza flajili za amiba na dawa za taifodi mpaka amechoka. Mgonjwa wa Mpwapwa aliyekuja mjini kununua mabati, barua ataitoa wapi? Na mjamzito je? Anayesema amebanwa aaminiwe. Ni nani atasimama mbele ya foleni ya wateja adanganye kuhusu haja kubwa?

Wenye maduka wana hoja zao. Maji ya Dodoma tunayajua, kuna wanaonunua ya boza. Wizi nao upo, na mara nyingi njia ya chooni inapita stoo. Sawa, nisindikizwe hadi mlangoni, na nilipe. Stendi tunalipa, dukani nitozwe hata mara mbili yake, sitadai chenji. Hoja ya "tukimruhusu mmoja watakuja wote" ndiyo siielewi kabisa. Hakuna anayetoka nyumbani kwake kwenda kutafuta choo cha duka la saruji.

Dodoma ni jiji tangu 2018, na madiwani wana uwezo wa kutunga sheria ndogo. Natamani waandike kwamba biashara yenye choo cha wafanyakazi isimnyime aliyebanwa ghafla kama hakuna choo cha umma jirani. Kisha afisa afya yule yule, akija kukagua, aulize na habari za ufunguo.

Barabarani ni kazi nyingine. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari za Dar sipandi tena basi, maana behewani kuna choo na hakuna wa kumwomba ruhusa. Lakini Kondoa hakuna SGR. Huko bado ni konda na kuchimba dawa, wanaume upande huu, wanawake ule, na vichaka vyetu vya kiangazi havifichi hata mbuzi. Mimi hukata siti ya mbele, na kabla basi halijatoka stendi namweleza konda hali yangu, kwa sauti, abiria wasikie. Wengi husimamisha gari nikiomba.