Saa ya GPS Majini Inamdanganya Nani?

Jamani wapiga kafi, mpaka lini? Umesimama juu ya ubao wa kupiga kafi, mwendo ni uleule wa kilomita 7 kwa saa, lakini saa ya GPS mkononi, ile inayopima mwendo kwa setilaiti, inasema 4, mara 11, mara 5! Kwani ubao umeota mabawa?

Tatizo ni mkono. Kila pigo unaupeleka mbele, unaurudisha nyuma, na saa inahesabu yote hayo kama mwendo. Mkono wa chini ukizama kidogo tu, mawimbi ya setilaiti hayapenyi maji, basi ramani inayumba kama mlevi. Na ile hali ya kujisimamisha yenyewe! Unageuza ubao kwenye boya, mwendo unashuka, saa nayo inaganda. Nani kaiambia ipumzike? Izimeni hiyo. Irekodi kila sekunde 1, mwisubiri ufukweni mpaka ishike setilaiti, kisha ifungeni ubaoni, mbele ya miguu, kioo kikitazama juu.

Halafu kero kuu: GPS haijui mkondo. Inapima mwendo kwa ardhi, si kwa maji yanayokubeba. Pale hori ya Mida, Watamu, maji yakipwa, mtu anatoka nayo kwa kilomita 10 kwa saa na kujitangaza bingwa kwenye grupu! Mbona hatumi picha ya kurudi? Ubao wa kilomita 8 kwa saa, mkondo wa 2: kwenda 10, kurudi 6. Kilomita 3 kwenda ni dakika 18, kurudi 30. Wastani ni 7.5, wala si 8! Tumeni safari nzima, bwana.