Reliance ya Chicago: hoteli haijalisaliti jengo

Tangu 1999, anayekwenda Chicago kulitazama jengo la Reliance, kwenye kona ya mitaa ya State na Washington, hukuta hoteli. Wapo wanaokereka, na hoja yao ina uzito. Lilipochakaa, ni jiji lililolinunua na kulikarabati kwa nje katika miaka ya 1990. Leo mwananchi akitaka kukaa nyuma ya yale madirisha mapana sharti alipie chumba. Asiyelipa huishia ukumbini.

Lakini wanaodai biashara imelinajisi wanasahau lilivyozaliwa. William Hale, mfanyabiashara wa lifti, alitaka kujenga mwaka 1890, ilhali wapangaji wa ghorofa za juu za jengo la zamani walikuwa na mikataba hadi 1894. Hakuwangoja. Ghorofa zao zilishikiliwa kwa jeki, wao wakiendelea na shughuli zao, na chini yao ukajengwa msingi mpya. John Root, msanifu majengo aliyebuni sehemu hiyo, akafariki 1891. Msanifu mwingine, Charles Atwood, ndiye aliyechora ghorofa zilizobaki. Mwaka 1895 kiunzi cha chuma cha ghorofa kumi za juu kikasimamishwa kwa siku 15.

Siku hizo 15 hutajwa kama rekodi ya kasi tu, nami naona zinaeleza jengo zima. Ukuta wa matofali unaobeba ghorofa 14 haujengwi hivyo: hupanda polepole, hunenepa chini, na dirisha hubaki dogo. Hapa mzigo wote umebebwa na chuma. Ukuta wa nje ni ngozi tu ya vioo na vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma, na kuta za ndani zaweza kuhamishwa kila mpangaji anapobadilika. Madaktari na madaktari wa meno walipanga humo, wakafaidi mwanga; vyumba vidogo kama vyao vinamfaa mgeni wa hoteli bila kulivunja jengo. Kuligeuza makumbusho kungependeza, ila vigae vile vikipasuka maji hupenya na chuma hupata kutu, na fundi wa kuvirekebisha hulipwa kila inapotokea. Hoteli ina pesa ya kumlipa.

Ninachowakubalia wakosoaji ni hiki: jiji linapotia fedha zake katika ukarabati wa namna hii, liandike katika mkataba siku za wananchi kupanda hadi ghorofa za juu bila malipo.